Kesi ya Nyasura

Masharti yalibandikwa nyuma ya mlango wa ofisi yetu ya ustawi wa jamii pale Musoma, kwa hiyo ukitaka kuyasoma ilibidi ufunge mlango kwanza. Mimi niliufunga mara nyingi. Nafasi ilikuwa moja tu kwa nchi nzima, digrii ya pili ya kazi za ustawi, chuo cha ng'ambo, nauli na chakula juu ya wenye chuo. Mwombaji awe na digrii ya kwanza na amefaulu vizuri. Awe amefanya kazi na wananchi, si kukaa ofisini tu. Aandike mwenyewe ripoti ya kesi ya familia moja aliyoihudumia, walimu wa huko waone anavyowaza. Hayo yalikuwa masharti ya chuo, na yote nilikuwa nayo au ningeweza kuyapata.

La mwisho lilikuwa letu wenyewe. Chama kilikuwa kimeshaamua, tena hapa hapa Musoma, kwamba mtu haendi chuo kikuu kwa vyeti vya darasani peke yake. Lazima awe amefanya kazi, na watu wamshuhudie. Ofisini kwetu waliona kama mtu wa digrii ya kwanza anashuhudiwa, wa digrii ya pili ashuhudiwe zaidi. Kwa hiyo mwombaji angesimama mbele ya mkutano wa tawi la kijiji alikozaliwa, wazazi wake na majirani waseme ni mtu wa namna gani.

Nikaliogopa sharti hilo kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Niseme sababu mapema, maana niliificha miaka mingi mno. Mimi sikuwa na baba. Sisemi alikufa. Ofisini nilikuwa nimesema alikufa, eti alikuwa mvuvi, mtumbwi ukampindukia ziwani, na wenzangu wakanipa pole ambayo niliipokea bila aibu yoyote wakati ule. Ukweli ni kwamba nimezaliwa katika nyumba ntobhu. Bibi mmoja wa kijijini kwetu, upande wa Butiama, alikosa mtoto wa kiume, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwetu ni moto uliozimika. Akatoa ng'ombe wake, akamwoa mama yangu. Mama akawa mkamwana wake, mke wa mwana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watoto aliowazaa, na mimi wa kwanza, tukawa wa nyumba ya yule bibi, na yeye ndiye tuliyemwita bibi. Mwanamume aliyenizaa alikuwa na mji wake kilima cha pili, tulisalimiana naye njiani kama watu wengine.

Kijijini hakuna aliyeshangaa. Nilijua kuona haya nilipokwenda shule ya misheni Nyegina, ambako wenzangu walikuwa na akina baba wanaovaa kofia na kuja kuwatembelea siku za Jumapili. Kwangu alikuja bibi, kachukua fimbo yake na kibuyu cha maziwa ya mgando, kanisimamisha mbele ya wasichana wote na kusema, "Haka ndiko katoto kangu kavivu." Nilitamani ardhi inimeze. Kuanzia hapo nikaanza kuishi kama mtu aliyetoka kwingine.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mtu wa Tanga, mzee mtaratibu, Kiswahili chake kimenyooka. Alinipenda kama binti yake. Ni yeye aliyenisukuma niombe, na ni yeye aliyesema, "Ripoti ya kesi, bibie, itafute familia ambayo wale jamaa hawajapata kuisoma kwenye vitabu vyao." Basi nikaitafuta. Wala sikwenda mbali. Nikaenda Nyasura, pale Bunda, kwenye nyumba ya bibi mwingine mkulima wa pamba, aliyeoa mke na kupata wajukuu watatu. Naam, nyumba ntobhu kama ile ya kwetu. Kulikuwa na malalamiko kutoka shuleni kwamba wajukuu hao wanakosa masomo msimu wa pamba, kwa hiyo kesi ilikuwa halali.

Nilikaa nao siku kadhaa. Bibi yule alinipokea kama malkia. Alinisifu mbele ya majirani, msomi, mzuri, mwenye adabu, aliyejaa baraka, heri tumbo lililomzaa. Wajukuu wake hakuwaachia hata neno moja zuri. Huyu mwizi wa sukari, yule kichwa maji, na huyu mdogo hata mbwa hawezi kumfuata. Mkamwana wake alimwita mzigo. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu, naandika.

Nilirudi Musoma, chumbani kwangu mtaa wa Kamunyonge, nikaandika ripoti ambayo ilinipa raha kuisoma. Niliandika kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Niliita ndoa ile "mpango usio wa kawaida wa kaya." Niliandika kwamba mlezi mkuu anawatukana watoto mbele ya wageni, kwamba hakuna dalili ya upendo katika nyumba hiyo, na kwamba inapendekezwa watoto watenganishwe naye, wapelekwe kwenye kituo cha malezi. Nikaongeza kwa unyenyekevu wa uongo kwamba mlezi huyo alimheshimu sana afisa. Mkuu aliisoma, akasema ni kazi safi. Ilibaki saini yake tu, na saini hiyo ingefanya mambo mawili kwa mpigo: ripoti ingeingia kwenye bahasha ya maombi yangu, na pendekezo langu lingekwenda kutekelezwa Bunda.

"Nitatia saini tukitoka kwenye mkutano wenu," alisema. "Vyote vipande gari moja."

Nilifanya kila hila asije. Nilisema barabara mbaya, nikasema petroli haba, na petroli kweli ilikuwa haba. Lakini alikuwa na safari ya Bunda, na kijiji chetu hakikuwa mbali na njia. Tukaenda kwa Landrova ya ofisi, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na madumu ya petroli, nikiomba Mungu bibi awe anaumwa. Ndiyo, niliomba hivyo.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, amejipaka mafuta, mama yangu pembeni yake. Mkutano ulikuwa nje ya ghala la pamba la kijiji. Mwenyekiti wa tawi alinyoosha mkono, tukaitikia salamu za chama, akaeleza kwamba mtoto wa kijiji anataka kwenda kusoma digrii nyingine juu ya ile aliyonayo, na serikali inauliza kama anafaa.

"Mzazi mwenye mtoto asimame," akasema.

Bibi akasimama. Mkuu wangu akaniinamia, akaninong'oneza kwa heshima, "Huyu ndiye mama wa marehemu baba yako?"

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti alishamjibu, tena kwa sauti ya kumsaidia mgeni. "Huyu ndiye mwenye nyumba, Ndugu. Ndiye aliyemwoaga mama yake, kwa ng'ombe zake mwenyewe. Baba hakuwepoga."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alikohoa, mbuzi wakapita nyuma ya ghala. Mkuu wangu alinitazama, halafu akatazama viatu vyake. Yule mvuvi wangu alizama kweli siku hiyo, na pole zote nilizozipokea zikanirudia usoni kama moshi wa kuni mbichi.

Nilidhani hilo ndilo baya lenyewe. Kumbe bibi alikuwa hajaanza.

"Haka katoto," alisema, akininyooshea fimbo, "nimekalea mimi. Kavivu. Hakajuagi kusonga ugali, kanatoka na mabuje kama mawe. Ng'ombe kalikuwaga kanazipoteza kakilala. Mnataka kukapeleka ulaya? Katawatia hasara. Mimi nimesema."

Akaketi. Mama akasimama, akasema bibi amenihurumia, mimi ni mbaya zaidi, tena nina kiburi na miguu yangu haikai nyumbani. Mjomba wangu akasema sijui kusalimia. Jirani aliyenibeba mgongoni utotoni akasema sura yangu tu ni mkosi. Walipokezana hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila aliyenipenda akaja na tusi lake. Aliyenisifu alikuwa mmoja tu, bwana shamba aliyehamishiwa kijijini juzijuzi kutoka mbali. Alisema anaamini mimi ni kijana mwema na mchapakazi. Hakuwa ananijua hata kidogo.

Kalamu ya mkuu wangu ilikuwa inatembea. Niliona anaandika, anasimama, anapangusa paji la uso, anaandika tena. Mwisho mwenyekiti akauliza kama wanakubali niende. Mikono yote ikapaa, ya bibi mbele ya yote. Mkuu wangu akaishangaa mikono ile kama mtu aliyeonyeshwa mazingaombwe.

Tulipoagana, bibi alinitemea mate ya baraka kiganjani, haraka haraka, bila watu kuona. Nikakifuta kiganja kwenye sketi. Naandika hili na kiganja kinaniwasha.

Ndani ya gari mkuu alisoma aliyoyaandika, akayarudia tena. Tulikuwa tunaelekea Makutano, mahali njia yetu inapokutana na barabara kubwa, upande mmoja Musoma na upande wa pili Bunda. Hatimaye akageuka.

"Bibie, mambo ya baba yako sikuulizi. Kila nyumba ina dari yake. Lakini mimi nimezunguka nchi hii, sijapata kuona mtu anachukiwa kwao namna ile. Nitaandika nini mimi? Nimpeleke ng'ambo mtu ambaye hata mama yake mzazi hamtaki? Na yule bibi, samahani, yule hana huruma. Mtoto umemlea mwenyewe, unamvua nguo mbele za watu?"

Nikawaka. Nina hasira za karibu, kila anayenijua analijua hilo, na siku ile nilikuwa nimezibana tangu asubuhi. Lakini naona ajabu kwamba zilipopasuka hazikupasuka kwa ajili yangu.

"Usimseme hivyo bibi yangu!" nikamwambia. Nilimwambia mkuu wangu hivyo, mtu wa umri wa baba. "Unajua nini wewe? Kwetu mtoto wako humsifu mbele za watu. Ukimsifu umemwita mwenye jicho baya aje amchukue. Mgeni ndiye anasifiwa, maana mgeni akipatwa na la kumpata si msiba wako. Wa kwako unamtukana. Unamtukana zaidi akiwa na safari. Yule bibi ametukana mpaka amekauka koo, na kila tusi alilotoa ni blanketi alilonifunika. Wote wale walikuwa wananiaga. Aliyenisifu ni yule ambaye hana habari na mimi!"

Dereva, Mjita wa Majita, alitikisa kichwa akasema polepole, "Ndivyo tulivyo, mzee."

Nilihema. Nilijisikia nimeshinda, hata fahari kidogo iliniingia, ya kutetea kwetu kwa mara ya kwanza tangu nilipoondoka kwetu. Mkuu alifungua mkoba wake, nikadhani anatoa karatasi za mkutano azisahihishe. Alitoa ripoti yangu.

Aliipekua mpaka akapata ukurasa alioutaka. Akausoma kimya, midomo ikitembea. Halafu akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kufundishwa.

"Kwa hiyo, bibie, yule bibi wa Nyasura naye?"

Nilimwona yule mwizi wa sukari, yule kichwa maji, na yule mdogo ambaye hata mbwa hamfuati, na jinsi bibi yao alivyokuwa akimtukana huku mkono wake unamtoa makapi ya pamba kwenye nywele. Mkono huo niliuona. Niliuona kabisa, nikaujua, maana ni mkono niliolelewa nao, na sikuuandika. Ningeuandika, ingebidi nikiri naelewa. Mtu wa Tanga asingeweza kujua. Mzungu asingeweza kujua. Mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyeandika hakuna dalili ya upendo.

Tulikuwa tumefika Makutano. Dereva akasimamisha gari, akauliza tunapinda wapi.

Mkuu aliweka ripoti mapajani kwangu na kalamu yake juu. Hakunikemea. Afadhali angenikemea, ningepata wa kumchukia. "Bahasha inaondoka na ndege ya kesho," alisema. "Unaijua kesi hii kuliko mimi. Ukiniambia nitie saini, nitatia."

Nataka kusema nilikataa mara moja. Sikukataa mara moja. Nilikaa na ile kalamu, lori la pamba likatupita, vumbi likaingia hadi likatulia, na mimi bado napiga hesabu kama naweza kufuta lile pendekezo tu na kuacha mengine. Lakini ripoti yenyewe yote ilisimama juu ya lile neno, hakuna upendo. Ukilitoa, zinabaki kurasa za mtu anayejifanya mgeni nyumbani kwao. Na kuandika nyingine kwa usiku mmoja nisingeweza, maana ingebidi nianze na nyumba yetu, na sikuwa nimejifunza bado kuiandika.

"Usitie," nikasema.

Maombi yalikwenda bila ripoti, na maombi bila ripoti hayakuwa maombi. Nafasi aliipata mtu wa mkoa mwingine. Mkuu wangu aliandika juu ya mkutano wa kijiji maneno mazuri sana, wananchi wote walimuunga mkono, na yale maneno mazuri yamelala kwenye jalada hadi leo bila kumsaidia mtu.

Nilikwenda kumwambia bibi. Nilimkuta anaanika mtama. Nikamwambia siendi tena, nimeshindwa, wala sikumwambia kwa nini. Akanitazama kwa muda, halafu akaangua kicheko ambacho majirani walikisikia.

"Si nilisema? Hakana akili haka. Nilijua katarudi. Kaa chini ule, mjinga wewe."

Nikala. Uji ulikuwa wa moto, nikaunywa na machozi, na yeye akajifanya anafukuza kuku.

Haya ningeweza kuyaacha hapo na yangeonekana yameisha vizuri. Lakini Nyasura nilikuwa na kazi. Kesi ilikuwa bado wazi, watoto bado walikosa masomo. Nikapanda basi la Bunda, safari hii bila daftari, nikamkuta yule bibi uani na mkamwana wake na majirani wawili, wamezunguka kilima cha pamba wanachambua, safi huku, fifi kule, fifi ikiwa ni ile chafu yenye madoa ambayo chama cha ushirika hununua kwa bei ya chini. Nikaketi chini pamoja nao. Nikasema, bibi, leo nimekuja kama mtoto. Nikamwambia kwamba mimi pia ni wa nyumba ntobhu, kule upande wa Butiama. Nilikuwa sijawahi kuyatamka maneno hayo kwa hiari yangu mbele ya mtu, na yalitoka yamekwaruza.

Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa adabu. "Vizuri, vizuri," akasema. "Inaonekana. Malezi mazuri yanaonekanaga."

Tukazungumza habari ya shule. Akakubali bila ubishi wajukuu waende asubuhi na pamba wachambue jioni. Kumbe hakuna afisa yeyote aliyekuwa amemwomba hivyo, tulikuwa tumeandika tu. Nami nikavuta kapu, nikachambua. Nilikuwa nimesahau. Miaka ya shule na ofisi ilikuwa imenitoa macho ya kazi ile, na nilijua kabisa ninachanganya, fifi inaingia kwenye safi. Mkamwana alikosea punje moja, bibi akamshukia kama mvua ya mawe, kipofu wewe, mzigo wewe, ng'ombe zangu nilizitupa mtoni. Mkamwana akacheka na majirani wakacheka. Mimi nikasogeza kapu langu mbele makusudi, alione. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Mungu ni shahidi, sikuwahi kungoja kitu kwenye maombi ya digrii kama nilivyongoja tusi la yule mzee.

Akainama, akatazama ndani ya kapu. Akaona kila kitu, macho yake yalikuwa mazima.

"Kazi safi sana," akasema, na sauti akaipandisha majirani wasikie. "Jamani tazameni mikono ya msomi. Huyu hana kasoro. Heri tumbo lililomzaa."

Nikasema asante. Akawafokea wajukuu, nyie nyani, msindikizeni mgeni. Wakanisindikiza hadi barabarani, yule mdogo ameshika mfuko wangu. Nilipogeuka kupunga mkono, bibi alikuwa hatazami huku. Alikuwa ameshalivuta kapu langu mapajani, anatoa fifi zangu moja moja, na mkamwana wake anaendelea kutukanwa.